Vuli ya Kwanza na Mtoto: Mwongozo kwa Familia za Nairobi

Baridi ya Julai ikishapita na jua la Septemba likianza kuwaka, mzazi aliyejifungia ndani na mtoto mchanga huanza kutamani kutoka. Wakati ni mzuri. Kati ya Oktoba na Desemba, Nairobi ina mambo mengi yanayomfaa mtoto mdogo na yasiyohitaji pesa nyingi. Mijakaranda huchanua, mvua za vuli hunyesha, shule hufungwa na binamu hujaa nyumbani, maembe ya Makueni huingia sokoni, kisha watu hufunga mizigo kwenda ushago. Msimu umejipanga wenyewe. Kazi yako ni kuchagua.

Mwongozo huu ni wa wazazi wenye mtoto wa kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja na nusu. Mtoto wa umri huo hatakumbuka lolote kati ya haya, na ni heri ukubali hilo mapema ili usijitese. Mwaka huu wa kwanza ni wenu wazazi: mnapima ni lipi mnaweza kulifanya tena mwakani, mtoto akiwa anakimbia, na mwaka unaofuata, pengine mwingine akiwa mgongoni. Mimi nina kipimo kimoja tu. Jambo ambalo huwezi kulirudia mwakani bila kukopa au kugombana na mtu, liache.

Hatua ya 1: Andika kalenda, kisha ipunguze

Chukua karatasi moja uibandike kwenye friji au mlango wa jikoni. Anza na tarehe zisizohama: Siku ya Mazingira, 10 Oktoba, Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, Jamhuri, 12 Desemba, Krismasi. Halafu fungua kile kijitabu cha kliniki cha Mama na Mtoto na unakili tarehe zake zote. Chanjo za wiki 6, 10 na 14, vitamini A ya miezi 6, chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ile ya pili ya miezi 18: hizi ndizo zinazotangulia, mengine yote yanazizunguka. Usipange matembezi siku ya chanjo wala kesho yake. Mtoto anaweza kupata homa kidogo na kulialia, na hakuna mti wa jakaranda utakaomtuliza.

Ongeza pia yale yasiyo na tarehe moja. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, na ukikaa Parklands au Ngara fataki zitasikika hadi usiku; funga madirisha mapema na usitegemee ratiba ya usingizi siku hiyo. Maonyesho ya kilimo ya Jamhuri Park, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kwa maoni yangu si ya mtoto mchanga. Kuna vumbi, msongamano na vipaza sauti. Mtoto akifika miaka mitatu na kuanza kuuliza ng'ombe ana meno mangapi, mpeleke.

Ukishaandika yote, futa mpaka yabaki matatu au manne. Wengi hujaza kila wikendi, halafu ikifika Novemba wote wana mafua na hakuna anayetaka kusikia neno "matembezi".

Hatua ya 2: Pangeni nani atafanya nini

Hili ni fupi lakini usiliruke. Desturi inayomtegemea mama peke yake hufa mwaka ambao mama amechoka. Mpe kila mtu kipande chake: baba abebe mtoto na kupiga picha, shangazi alete embe, nyanya asimulie hadithi, binamu mkubwa amwagilie mti. Dada wa kazi naye asisahaulike. Mara nyingi yeye ndiye anayejua mtoto hulala saa ngapi, kwa hiyo muulize kabla ya kupanga saa ya kutoka.

Hatua ya 3: Nguo, mbeleko na mvua

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, halafu iko karibu na ikweta. Ndiyo maana saa moja asubuhi unahitaji sweta, saa sita mchana jua linachoma, na saa kumi unatafuta mahali pa kujikinga mvua. Mvishe mtoto nguo mbili tatu nyepesi badala ya moja nzito, ili uweze kupunguza na kuongeza. Ukitaka kujua kama ana joto au baridi, mguse nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, punguza; pakiwa baridi, ongeza. Viganja na nyayo zisikudanganye, kwa sababu za mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa sawa kabisa. Aliye chini ya miezi sita mweke kivulini na kofia pana, maana ngozi yake haijawa tayari kwa jua la mchana.

Njiani utapata ushauri wa bure. Mama mboga, kondakta, askari wa getini, kila mmoja ana neno lake.

"Mama, funika huyo mtoto! Hii baridi itamwingia kifuani."

"Asante sana mama, nimesikia."

Halafu unaendelea na safari yako. Kubishana ni kupoteza muda, na huyo huyo ndiye atakayekushikia mwavuli siku unahangaika kupanda matatu.

Sweta na ovaroli nzito usizinunue mpya. Gikomba na Toi kuna mitumba ya watoto iliyovaliwa kidogo tu, kwa sababu mtoto hukua kabla nguo haijachakaa. Zifue kwa maji moto, zianike juani, zipige pasi, ndipo zimguse mtoto. Nunua na saizi inayofuata kabisa. Novemba nguo hazikauki haraka na utahitaji za ziada. Hata nepi za vitambaa zinaweza kukaa kwenye kamba siku nzima zikabaki na unyevu, kwa hiyo anayezitumia aongeze idadi au awe na za kutupa kwa wiki zile mbaya.

Kigari cha kusukuma hufaa Karura na ndani ya estate zenye lami nzuri. Kwingineko, njia za miguu zina mashimo, pikipiki na wachuuzi, kwa hiyo mbeleko au leso ndiyo inayofanya kazi. Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, uso wake ukiuona muda wote, kidevu kisibanwe kifuani, na awe juu kiasi cha wewe kumbusu kichwani bila kuinama sana. Magoti yake yawe juu kuliko makalio. Aliyekaza shingo na kuanza kukaa anaweza kwenda mgongoni kama ilivyo desturi. Boda boda na mtoto mchanga, hapana, hata kama ni kutoka stejini hadi getini tu.

Na jambo moja la ndani ya nyumba. Usiku wa mvua, watu huingiza jiko la makaa chumbani ili kupasha joto. Usifanye hivyo. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Blanketi, soksi na mwili wa mzazi vinatosha kwa baridi ya Nairobi. Stima ikipotea, na itapotea, uwe na chupa ya chai yenye maji moto na taa ya sola iliyochajiwa tangu mchana.

Hatua ya 4: Nendeni mkaone jakaranda

Hii ndiyo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Mijakaranda asili yake ni Amerika Kusini, ikaletwa na kupandwa kando ya barabara enzi za ukoloni, na sasa Oktoba ya Nairobi huwezi kuiwaza bila ile zambarau iliyotapakaa chini. Huanza kuchanua mwishoni mwa Septemba, hukolea Oktoba, na mvua ikizidi Novemba maua mengi huwa yameanguka. Usingoje. Ukiona mti wa kwanza umechanua kutoka dirisha la matatu, weka siku.

Mahali rahisi kwa familia ni Arboretum, kando ya State House Road. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kukua haraka, wakati reli ilihitaji kuni za injini za mvuke, na leo ina miti ya kutoka pande nyingi za dunia, nyasi za kutandika leso na vivuli vya kutosha. Barabara ya kwenda huko yenyewe ina mijakaranda, kwa hiyo hata kutembea kutoka mjini ni sehemu ya shughuli. Anayekaa upande wa Kiambu Road, Runda au Gigiri ana Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000. Mijakaranda si sifa kuu ya Karura, lakini njia zake ni pana na magurudumu ya kigari yanapita. Mkifika hapo mnaweza kumwambia mtoto, ingawa haelewi, kwamba msitu huu ulikaribia kugawanywa viwanja na kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda miti langoni. Mwambieni tena mwakani. Siku moja ataelewa.

Fikeni saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, kabla jua halijakaza na kabla mvua ya alasiri haijajikusanya. Mkae saa moja na nusu, mbili zikizidi. Mtoto akinyonya, akalala na kuamka mara moja, hiyo inatosha, rudini nyumbani.

Kabla ya kutandika leso, angalia chini. Maua yaliyoanguka bado yana utamu ndani na nyuki huyafuata hata chini. Piga nyasi kidogo kwa kijiti, ngoja, ndipo utandike. Tumbiri na kima wa Arboretum hawaogopi watu hata kidogo. Ndizi usiiache wazi, na usimlishe mtoto huku mnyama anakutazama. Hakuna mchezo hapo, watainyakua mkononi mwa mtoto.

Mkalishe mtoto katikati ya maua umwache. Ua la jakaranda ni kama tarumbeta ndogo, laini, lenye unyevu kidogo, na mtoto wa miezi minane atalifinya mpaka zambarau igeuke kahawia kwenye vidole vyake. Halafu atalipeleka mdomoni, bila shaka. Litoe taratibu, mpe kijiko au kitambaa cha kutafuna. Wengine huogopa nyasi zikigusa nyayo zao na kuinua miguu yote miwili juu kwa hasira. Mpige picha hapo hapo.

Kuhusu hiyo picha: chagueni mti mmoja ambao mtaweza kuutambua mwakani, karibu na njia au kibao. Mtoto ashikwe na mtu yule yule, upande ule ule wa mti. Picha moja nzuri inatosha, kisha ipelekeni studio ichapishwe wiki hiyo hiyo na muandike nyuma tarehe na umri wa mtoto. Simu za Nairobi huibwa, huanguka kwenye ndoo ya maji, au hujaa. Karatasi iliyo ndani ya albamu kwa nyanya hubaki.

Na mkibeba vitu, kumbukeni kwamba tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja tu haziruhusiwi katika misitu na mbuga zinazolindwa. Maji yawe kwenye chupa ya kudumu. Nepi chafu ziingie kwenye mfuko wa kitambaa usiopitisha maji, mrudi nazo nyumbani. Walinzi wakati mwingine hukagua mifuko langoni.

Hatua ya 5: Mvua ya kwanza, na wageni wake

Mvua ya kwanza haina tarehe, ndiyo raha yake. Kubalianeni tu kwamba ikinyesha mkiwa nyumbani, mnaacha kila kitu. Mbebe mtoto mpaka mlangoni au kwenye balkoni, mnyooshee mkono mpaka tone limguse. Wengine hushtuka, wengine hucheka, wengine hulamba mkono. Kama paa ni la mabati, mshike karibu na kifua kwanza, maana kishindo kinaweza kumtisha. Muimbie wimbo mmoja, na huo uwe wa mvua kila mwaka. Dakika tano tu. Mkaushe, mnyonyeshe, basi.

Jioni baada ya mvua kubwa, kumbikumbi hutoka. Zima taa za sebuleni, acha ya nje, mkae dirishani mwangalie wakizunguka balbu kwa mamia na kuangusha mabawa. Kama kuna mjomba kutoka Kakamega au Busia, atataka beseni la maji chini ya taa na sufuria jikoni. Mwacheni afanye yake, wakikaangwa na chumvi kidogo ni watamu. Mtoto mdogo asile, ila aone. Asubuhi ufagie mapema kabla hajaanza kutambaa. Mabawa hayo ni mepesi, hujibana kwenye pembe za sakafu, na mtoto huyaokota moja moja kwa vidole viwili na kuyala kwa utulivu kabisa huku wewe unakoroga uji.

Mgeni mwingine wa mvua hachekeshi. Ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye kila mtu humwita Nairobi fly ingawa ni jamii ya mbawakawa. Hang'ati wala haumi. Sumu yake imo mwilini, na hutoka anapopondwa kwenye ngozi. Malengelenge na kuungua huonekana baada ya siku moja au mbili. Kwa hiyo ukimwona shavuni mwa mtoto, usimpige kofi. Mpulize, au mwekee karatasi apande umtoe nje. Kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji, pamoja na mikono yako na ya mtoto kabla hajajisugua macho. Kila jioni ya msimu huu fanya hivi: kung'uta shuka na chandarua, zima taa za chumba cha mtoto mapema kwa sababu mwanga huwavuta, na usianike nguo za mtoto nje usiku. Jicho likiathirika, au malengelenge yakienea, nenda kituo cha afya.

Hatua ya 6: Pandeni mti, lakini msikimbilie tarehe

Mazingira Day ya 10 Oktoba huja na watu wengi wanaopiga picha na miche. Tatizo ni kwamba mwanzoni mwa Oktoba udongo mara nyingi bado mkavu. Sherehekeeni siku hiyo kwa kununua mche na kuchimba shimo, kisha mpande mvua ikishalowesha ardhi vizuri, mara nyingi Novemba. Si ajabu kwamba hata serikali ilipotangaza siku maalumu ya mapumziko ya kupanda miti mwaka 2023, ilichagua 13 Novemba.

Anayekodisha nyumba asipande mti wa mtoto kwenye ploti ya mwenye nyumba. Mtahama, na mti utabaki kwa mtu mwingine. Pandeni ushago mwezi wa Desemba, kwenye shamba la babu, mahali ambapo hakuna atakayejenga. Parachichi lililopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, yaani mtoto atakula tunda la mti wake kabla hajaingia darasa la kwanza. Shimo liwe futi mbili kwa mbili, udongo wa juu utengwe, uchanganywe na samadi iliyooza, mfuko wa mche uondolewe wote, na pale palipopandikizwa pabaki juu ya udongo. Zungushia miiba, mbuzi wa jirani hawajui sherehe ya mtoto.

Kwa mwaka huu Nairobi, gunia la sukuma wiki kwenye balkoni linatosha. Mtoto akishika udongo, mwache ashike.

Hatua ya 7: Mashujaa wa nyumbani

Siku ya 20 Oktoba iliitwa Kenyatta Day mpaka katiba ya 2010, na chanzo chake ni usiku ule wa 1952 wakoloni walipotangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi. Runinga itakuwa na gwaride na hotuba siku nzima. Iacheni iwake kama mzee wa nyumba anataka, lakini kwa mtoto fanyeni kitu kingine: rekodini hadithi ya mtu ambaye mtoto amebeba jina lake.

Familia nyingi za Kenya humpa mtoto jina la babu, nyanya, shangazi au jamaa aliyekufa. Wakikuyu hufuata mpango unaojulikana, kijana wa kwanza kwa baba ya baba, wa pili kwa baba ya mama. Wengine hutoa jina la msimu au tukio, kama Wafula na Nafula kwa Waluhya waliozaliwa wakati wa mvua, au Okoth na Akoth kwa Wajaluo. Kwa hali yoyote, jina lina mwenyewe au lina habari yake. Mtafuteni anayeijua. Mpigieni simu siku hiyo hiyo ya sherehe, baada ya chakula cha mchana, wakati wazee wana muda.

Swali la "tueleze maisha yake" halizai kitu. Uliza vitu vidogo: alipenda chakula gani, alitembeaje, alikuwa akimwita mkewe nani, aliwahi kufanya kazi Nairobi na alilala mtaa gani, nini kilimkasirisha, nani alimfunga kamba ng'ombe siku ya mahari. Mzee mmoja akianza kukumbuka mtaa wa Kaloleni au Ziwani wa zamani, msimkate. Rekodini kwa simu, mtaje tarehe na jina la msimuliaji mwanzoni, mtumie nakala kwa ndugu wawili. Dakika kumi kila mwaka zitakuwa nyingi sana mtoto akifika sekondari, na baadhi ya wasimuliaji hawatakuwepo.

Kama mzee anayejua hadithi yuko mbali na simu inamchosha, mngoje Desemba. Hii haina haraka ya tarehe, ina haraka ya umri wake.

Hatua ya 8: Boga kwanza, embe baadaye

Aliye chini ya miezi sita ananyonya tu, hata maji hahitaji, hata nyanya akisisitiza. Aliyefika miezi sita, msimu huu una vya kuanzia. Boga la kawaida, lile la ganda gumu linalouzwa likiwa limekatwa vipande pale kwa mama mboga, chemsha mpaka lilainike, ponda kwa uma na maziwa ya mama kidogo. Viazi vitamu na nduma vivyo hivyo. Anzeni na chakula kimoja kwa siku mbili tatu ndipo muongeze kingine, ili mkiona vipele mjue vimetoka wapi. Baadaye mpikieni mukimo wa familia yote na mumtengee wake kabla ya kutia chumvi. Uji wa wimbi hauhitaji asali, na asali isimguse mtoto hata kidogo kabla hajafikisha mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botuli. Njugu nzima na vipande vigumu vya mahindi ya kuchoma subirini miaka kadhaa. Yale mahindi ya kando ya barabara ni yenu wazazi, na pilipili na ndimu yake.

Maembe ya Makueni na Machakos huanza kuonekana Novemba na kujaa Desemba mpaka baada ya mwaka mpya. Mwanzoni mwa msimu bei iko juu na mengine yamevunwa kabla ya wakati, ngozi laini lakini ndani ni chachu. Ngojeni wiki mbili. Nunueni pale Wakulima Market, au Marikiti kama inavyoitwa, mkiweza kuvumilia msongamano, au kwa mama mboga anayewajua na atakayewachagulia. Mwambie ni la mtoto. Atalinusa karibu na kikonyo, atalirudisha, atachukua lingine. Aina ya apple na Kent hazina nyuzi nyingi, kwa hiyo ni rahisi kwa mtoto; zenye nyuzi nyingi zitamkwama.

Embe la kwanza lifanyeni la sherehe. Mvueni nguo zote abaki na nepi, mkalisheni kwenye beseni au juu ya gazeti, mpeni kipande kirefu kilichobaki na ganda upande mmoja ili kisimteleze, kisha kaeni naye karibu kabisa. Mwangalieni muda wote anapokula. Uso wake utakunjamana kwa uchachu wa kwanza, atatema, kisha atarudisha mkono kuchukua tena. Mwosheni mdomo mara moja, maana utomvu wa ganda huwasha baadhi ya watoto.

Hatua ya 9: Safari ya Desemba

Safari hii hupangwa Novemba. Nauli hupanda kadiri Krismasi inavyokaribia na viti huisha, kwa hiyo atakayeweza aondoke kabla ya tarehe 20, hasa kama safari ni ya Magharibi au Nyanza. Basi la asubuhi mapema ni afadhali kuliko la usiku. Mnaona barabara, dereva hajachoka, na mtoto hulala saa zake. Mwenye gari dogo amfunge mtoto kwenye kiti chake cha nyuma, kinachotazama nyuma kwa mtoto mdogo, na apumzike kila baada ya saa mbili.

Mfuko wa kushikwa mkononi uwe na kijitabu cha kliniki, nepi za kutosha kwa safari mara mbili ya urefu wake, nguo mbili za kubadilisha za mtoto na moja yako wewe, leso tatu, maji yako ya kunywa, na dawa ya homa ambayo daktari amekuandikia kipimo chake kwa uzito wa mtoto. Mtoto wa Nairobi hajazoea malaria. Mkienda kando ya ziwa, Magharibi au Pwani, bebeni chandarua chenye dawa kinachomtosha, msitegemee cha mwenyeji. Homa yoyote huko, au mkisharudi, ipimwe siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu wa afya mlitoka wapi.

Mkifika, nyanya atamchukua mtoto kabla hamjashuka vizuri. Mpeni. Lakini majirani wote watakaokuja kumwona waoshe mikono kwanza, na aliyekohoa amsalimie kwa mbali. Mwachieni baba au mjomba kazi ya kuyasema hayo; kutoka kwa mkwe mgeni husikika vibaya. Siku ya kwanza isiwe na ziara. Mti upandwe siku ya tatu au ya nne, asubuhi, wazee wakiwepo.

Kurudi nako kupangwe. Siku za kwanza za Januari barabara ya Nakuru kuelekea Nairobi hufurika, na foleni ya Gilgil hadi Naivasha inaweza kula saa nyingi. Rudini kati ya Krismasi na mwaka mpya, au ngojeni wiki ya pili kama kazi inaruhusu. Mkilazimika kusafiri na umati, ondokeni saa kumi na moja alfajiri mtoto akiwa amelala, mumbebe na blanketi lake vivyo hivyo.